Hedley Nancarrow, Fundi Aliyekataa Kutia Saini

Ndugu na majirani, familia imenituma mimi Loveday, binti yake mkubwa, niwasomee maisha ya baba yetu, na kwa kuwa hakupenda kupambwa, sitampamba.

Marehemu Hedley Nancarrow alizaliwa Mullion, Cornwall, tarehe 3 Machi 1931, akasoma Helston hadi 1946, akajifunza ufundi mitambo kwenye mgodi wa bati, tarehe 14 Mei 1955 akamuoa Morwenna Tregidga, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Jory, na mwaka 1961 akaajiriwa kituo kipya cha setilaiti, penye lile dishi kubwa la kupokea televisheni moja kwa moja kutoka Marekani.

Julai 1962 picha ya kwanza ilipovuka Atlantiki, Wafaransa waliiona safi, sisi tukaona ukungu, tukachekwa, na wakubwa wakatafuta wa kumtwika lawama. Mchoro wa dishi ulitaka wimbi linaloleta picha lizungukie kulia, lakini kulia kwa anayerusha ni kushoto kwa anayepokea, na wachoraji wa pande mbili hawakuulizana. Baba alikifunga kipande cha kupokelea wimbi kama mchoro ulivyoagiza, wakubwa wakamletea yeye na mafundi wenzake, kila mmoja yake, barua ya kukiri uzembe.

"Saini, Hedley, yaishe," meneja akamwambia.

"Yaishe kwa nani? Nipe bisibisi, bwana, barua kaa nayo."

Akapanda dishini, akakigeuza kipande, na picha iliyofuata ikaja safi, mnaikumbuka. Hata hivyo barua ilirudishwa mezani kwake kila Januari, bila saini hapandi cheo, naye hakutia, akastaafu mwaka 1991 akiwa fundi yuleyule wa daraja la chini. Herufi za mwanzo za jina lake zilionekana mahali pamoja tu, kwenye pembe ya mkate wa nyama na viazi ambao mama alimfungia kila siku. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: baba hakukosea.

Mapafu yalimsumbua tangu 1996, akafariki hospitalini Truro, Jumanne tarehe 9 Februari 1999.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliompikia mama, na mafundi wenzake mliobeba jeneza, hata ninyi mliosaini za kwenu. Barua tumemwekea mfukoni, nyeupe pale chini penye nafasi ya saini, kama alivyoiacha. Lala salama, baba, huko hakuna atakayekuletea kalamu.