Feni ya Emlyn

Mbele yangu, kwenye basi la kwenda mji wa Treorchy, walikaa wazee wawili waliochimba makaa mpaka mapafu yao yakachakaa. Emlyn alisema siku hizi analala kitini, mgongo wima, feni ikimpuliza usoni.

“Feni, kwenye baridi hii ya Januari?” mwenzake Haydn akacheka, kisha akakohoa kwa mwendo wa vituo viwili. “Si utamgandisha mkeo, bwana! Mimi nalala chali, kama mwanaume.”

“Acha uongo wewe. Mbona taa ya jikoni kwako inawaka mpaka asubuhi? Naiona kutoka kitini kwangu.” “Nakunywa chai,” Haydn akasema. “Chai gani ya kuinamia meza, mdomo wazi kama samaki?”

Basi likasimama. Wakashuka, wakaganda mbele ya duka la magauni ya harusi, kila mmoja akijifanya anachagua, ili mwenzake asimwone anavyohema.