Ilma Zupanec na Basi Lililosimama

Ndugu, jamaa na majirani, na ninyi nyote mlioshuka asubuhi hii kutoka kwenye basi jekundu lililoegeshwa nje ya kanisa, familia imenipa mimi, mjukuu wake, kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu Ilma Maria Zupanec, naye mwenyewe, kabla hajazidiwa, aliagiza yasomwe kwa sauti ya furaha, maana alisema machozi mtakuja nayo wenyewe.

Ilma alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa hapa Harju, kaskazini mwa Minnesota, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Arvo Pellinen, mchimbaji katika mgodi wa chuma, na mama Helmi, akabatizwa katika kanisa hili, na tarehe 19 Novemba 1957 akapata mdogo wake wa pekee, Reino, ambaye mnamwona hapa kwenye kiti cha mbele na koti lake jipya. Reino alizaliwa na ulemavu wa akili, na daktari wa wakati ule alimshauri mama Helmi ampeleke kwenye nyumba kubwa ya serikali iliyokuwa mbali huko kusini, amsahau, azae mwingine, lakini mama Helmi alimvalisha mtoto kofia ya sufu, akamfunga vizuri kwa blanketi, akarudi naye nyumbani.

Masomo yake Ilma aliyaanza Septemba 1957 katika shule ya msingi ya mji huu, akamaliza sekondari Juni 1969, na alikuwa mwepesi wa hesabu na mwenye mdomo mwepesi zaidi, kama walimu wake walivyoandika. Reino alipofikisha umri wa kwenda shule, mama Helmi alimwosha, akamchana nywele, akampeleka hadi mlangoni, na hapo akaambiwa kwamba mtoto kama huyu hana nafasi, na sheria ilipokuja kubadilika Reino alikuwa ameshaota ndevu, kwa hiyo shule yake ilikuwa dirisha la jikoni, redio, na kahawa yenye maziwa mengi.

Tarehe 12 Agosti 1972 Ilma alifunga ndoa na Rudy Zupanec, fundi wa kuchomelea vyuma mgodini, na watu wa Harju wa siku hizo walinong'ona kwamba Wafini kama kina Pellinen na Waslovenia kama kina Zupanec hawawezi kukaa nyumba moja bila kugombania jiko, nao wakaishi pamoja miaka yote hiyo, Ilma akioka mikate ya nyama na viazi, Rudy akioka mkate wa mama yake wa jozi, zile kokwa zinazosagwa na kuviringishwa ndani ya unga, kila mmoja akimsifia mwenzake kwa wageni na kumcheka wageni wakishaondoka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Renata mwaka 1974 na Craig mwaka 1977, na baadaye wajukuu watano.

Kuhusu kazi, Ilma alianza katika jiko la shule mwaka 1969, na mwaka 1978 akapewa basi la shule, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini, katika theluji ambayo wengine walikuwa hawatoki hata kuchukua gazeti, na katika miaka ya mwisho aliendesha basi dogo la wanafunzi wenye ulemavu, akimjua kila mmoja, nani anapenda kukaa nyuma, nani anaogopa daraja, nani lazima aambiwe habari za mbwa wako kabla hajapanda. Njia yake ilipita mbele ya nyumba ya mama Helmi, na kila asubuhi Reino alisimama dirishani akipunga mkono, mkono wote kuanzia begani, naye Ilma akapiga honi mara mbili, akampungia pia, akapita, na alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa raha yake kubwa ya siku.

Sasa, sheria ya shule ilikuwa kwamba mwanafunzi mwenye ulemavu akishafika umri wa mwisho anaagwa kwa keki, na baada ya keki hakuna kitu, kwa sababu hapa Harju hapakuwa na mahali popote pa kwenda mtu mzima wa namna hiyo. Juni 2007 aliagwa Corey Lahti, ambaye pia yuko nasi hapa, na asubuhi ya kwanza ya Septemba Ilma alipokata kona ya barabara ya kina Lahti alimwona Corey amesimama nje na koti na mfuko wake wa chakula, kama siku zote, na kanuni zilimkataza dereva kumpakia asiyekuwa mwanafunzi, kwa hiyo akapita. Jioni hiyo hakula.

“Leo nimempita mtu, Rudy,” akasema.

“Nani tena?”

“Corey. Chakula chake mkononi.”

“Kesho hatakuwepo, mke wangu. Atazoea.”

Kesho yake Corey alikuwepo, na kesho kutwa, na aliendelea kusimama hapo hadi theluji ya kwanza ilipoanguka, ndipo mama yake akafanikiwa kumzuia ndani. Ilma alistaafu Juni 2008, na kwenye sherehe yake ya kuagwa, badala ya kushukuru na kukaa, alitangaza mbele ya wote kwamba atafungua kituo cha mchana kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu, chenye leseni ya jimbo, akiwa hajui hata hiyo leseni inaombwa wapi.

Waliokuwepo mwaka ule wanakumbuka jinsi alivyoibeba kazi hiyo kwa msisimko kama bibi harusi, akalipata lile duka la samani lililofungwa kwenye barabara kuu, akajifunza upana wa mlango unaopitisha kiti cha magurudumu, mahali pa kufungia dawa, jinsi ya kuwatoa watu wote nje moto ukitokea, akakaa darasani na Renata wakasomea kazi ya kuhudumia watu hawa, na akawa akimsimulia kila mtu kanuni za jimbo, hata kwenye foleni ya posta, mpaka watu wakimwona wanavuka barabara. Mkutano wa mji wa Machi 2009 hautasahaulika, bwana Mattson alipoinuka kuuliza, “Ilma, watu hawa watafanya nini katikati ya mji mchana kutwa?” naye akamjibu kutoka kiti cha nyuma, “Watafanya unachofanya wewe, Mattson. Watakunywa kahawa na kulalamikia theluji,” na ukumbi mzima ukaangua kicheko, bwana Mattson naye akacheka, na kibali cha jengo kikapita.

Mkaguzi wa jimbo, Bi Odegaard, alifika tarehe 11 Februari 2010, mwanamke mrefu asiyetabasamu, na sisi wa familia tulijua kwamba leseni ikikataliwa Corey atabaki dirishani, na Reino, ambaye tangu mama Helmi afariki mwaka 2004 alikuwa akiishi kwa dada yake, atabaki dirishani pia, na wengine kama wao nyumba hadi nyumba. Alipima milango, akafungua kabati za dawa, akajaribu maji ya moto kwa kidole, na kila kitu kikawa sawa, na Ilma akawa anatembea nyuma yake akimeremeta. Halafu Bi Odegaard akasema sheria inamtaka azungumze na mmoja wa waliojiandikisha kituoni, peke yake, mlango ukiwa umefungwa, na akamchagua Reino.

Ilma hakuwa na wasiwasi, kwa sababu alikuwa amempangia Reino siku nzima ya kile alichoamini Reino anakipenda kuliko vyote, zile picha za kuunganisha vipande kwa vipande, alizokuwa akimnunulia kila Krismasi tangu utoto, na meza nzuri ya kuzipangia ilikuwa imewekwa karibu na dirisha. Lakini nyote mnajua Reino hana sauti ya chini, kwa hiyo mlango uliofungwa haukuficha kitu.

“Reino, hapa ni kitu gani unakipenda?” Bi Odegaard aliuliza.

“Kahawa.”

“Na hizi picha?”

“Sizipendi.”

“Tangu lini?”

“Tangu mama yuko hai.”

“Ungependa kufanya nini?”

“Kupanda basi la dada.”

Hapo Ilma alisahau sheria yote aliyoisoma, akafungua mlango. “Reino! Wewe Reino! Miaka yote hiyo nikipita ulikuwa unanipungia tu!”

Reino alimtazama kama mtu anayemweleza mtoto. “Nilikuwa nakupungia usimame, dada.”

Bi Odegaard aliweka kalamu mezani, akasema, “Jengo lako limepita, Bi Ilma, ni zuri kuliko mengi niliyoyaona. Mpango wako haukupita. Siku ya mtu inapangwa na mwenyewe, na wewe umempangia mdogo wako bila yeye. Rekebisha, nitarudi.”

Jioni hiyo Rudy alimkuta jikoni amekaa na koti mwilini, akamtania ili amchangamshe, “Kwa hiyo mkaguzi amekukamata.”

“Aliyenikamata ni Reino,” alisema Ilma, na ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, kisha akavua koti, akachukua simu, na usiku huo huo akaanza kumpigia kila mtu wa kituo, mmoja baada ya mwingine, akiuliza swali lile lile la Bi Odegaard, na majibu yakamshangaza, maana mmoja alitaka kuvua samaki kwenye barafu, mwingine alitaka kazi ya kusukuma theluji kwenye ngazi za kanisa, mwingine maktaba, na wengi, kama Reino, walitaka tu kutoka, kuwa kwenye gari linalokwenda mahali.

Mji wa jirani ulikuwa unauza basi lake la shule la zamani, na kwa kuwa sheria hairuhusu basi lisilo la shule kubaki na rangi ile ya njano, Rudy na Craig walilipaka upya, Reino na Corey wakachagua nyekundu, na haikuwa nyekundu ya kuona haya. “Ilma, umenunua nyanya yenye magurudumu,” bwana Mattson alimwambia, naye akamwambia, “Panda, Mattson, usiogope, haiumi.” Na alipanda.

Bi Odegaard alirudi tarehe 6 Mei 2010, na safari hii Ilma hakumwonyesha jengo, alimkalisha kwenye kiti cha pili, akashika usukani mwenyewe, na Reino akakaa kiti cha mbele, ambako tangu siku hiyo kazi yake imekuwa kuliita kila jina kabla basi halijafika nyumbani kwa mtu. Walipokata kona ya kina Lahti, Corey alikuwa amesimama nje na koti na mfuko wake wa chakula, kwa mara ya kwanza tangu ile theluji, Reino akaita “Corey!” kwa sauti iliyotikisa vioo, na basi likasimama. Ilma alifungua mlango, akamwangalia Corey, naye Corey akasema, “Umechelewa,” akapanda, akakaa. Mama Lahti alikuwa kibarazani ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Bi Odegaard aligeuza uso, akatazama nje dirishani, na waliporudi kituoni alisema leseni itatolewa, kisha akaomba kahawa.

Tangu hapo mnaijua habari, maana nyinyi ndio habari yenyewe, ngazi za kanisa hili husafishwa na kikundi cha basi jekundu, samaki wa kwanza wa barafu hupatikana kwenye kibanda chao juu ya ziwa lililoganda, na hakuna mtu mzima wa Harju aliyeagwa kwa keki halafu akabaki dirishani.

Januari mwaka huu wa 2023 Ilma aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitalini mjini Duluth hadi mwezi wa Juni, ndipo akaomba arudishwe nyumbani, na hofu yake haikuwa kufa, ilikuwa leseni, kwa sababu iliandikwa kwa jina lake, na akajua kwamba akiondoka bila mtu aliyekubaliwa na jimbo, milango itafungwa. Renata aliomba, akakaguliwa, akahojiwa, na mwezi Agosti jimbo likamkubali, na Renata alipoingia chumbani kumwambia, Ilma alikaa kitandani, akadai mkate wa jozi, akala vipande viwili, akamwambia mumewe, “Rudy, leo umeoka vizuri, lakini usinukuu maneno yangu.” Samahani, babu, nimeyanukuu.

Alipokuwa hawezi tena kutoka nje, Reino akiwa amehamia kwa Craig, kitanda cha Ilma kilisogezwa dirishani, na kila asubuhi basi, Craig akiwa usukanini, lilipokaribia, Reino aliita “Ilma!” kama alivyoita majina mengine yote, yeye akainua mkono nyuma ya kioo, na kila asubuhi basi lilisimama, mlango ukafunguliwa, ukasubiri kidogo, ndipo likaondoka. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, alfajiri, akiwa nyumbani na familia yake, na basi lilipofika Reino aliita, na aliyetoka alikuwa Renata.

Familia inawashukuru madaktari wa Duluth, wauguzi waliokuwa wakija nyumbani hata kwenye mvua kubwa, majirani mlioleta vyakula mpaka friji ikakataa kufungwa, madereva wenzake wa zamani, wafanyakazi wote wa kituo, bwana Mattson aliyechonga msalaba, na Bi Odegaard, ambaye amestaafu lakini ameendesha gari tangu usiku ili awe nasi hapa.

Baada ya ibada hii Ilma atapelekwa makaburini kwa basi jekundu, Reino atakuwa kiti cha mbele, na tukifika ataita jina moja tu. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi basi litapita kama kawaida, kwa hiyo mtoke nje mapema na vyakula vyenu.

Dada wa Reino, mke, mama, bibi yetu, ukisikia unaitwa, hicho ndicho kituo chako. Shuka taratibu, upumzike kwa amani.