Chai ya Kumuaga Kaveke Munguti

Kipimo cha damu cha Bi. Kaveke Munguti kimefika 7.8, karibu mara mbili ya kiwango kinachotakiwa, na chanzo ni chai yetu. Hayo yalisemwa Jumanne, tarehe 28 Aprili 2026, na Nailantei, afisa wa kliniki anayemhudumia mjini Kajiado. Namba hiyo hupanda dawa yake ya homoni inapopungua mwilini. Bi. Kaveke, ambaye kwa miaka mingi hakutaka hali yake itajwe ofisini, safari hii ameomba itangulie katika ukurasa huu wa kampuni yetu ya maji, kabla ya miaka yake ya kazi na kabla ya sifa zozote.

Miaka yenyewe ni thelathini na mitatu na miezi miwili. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1993 na anastaafu Alhamisi, tarehe 30 Aprili, akiwa msimamizi wa dawa ya maji katika Kituo Namba Mbili, kilomita tisa kutoka Kitengela upande wa Isinya. Wateja wetu wengi hawamjui kwa sura, ingawa wamekunywa kazi yake kila siku.

Alianza kwa kusoma mita mitaani Kitengela, wakati mji ulikuwa barabara moja na vumbi. Mwaka 1996 alihamishiwa Namba Mbili, na hakuhama tena. Kituo hicho ni vyumba viwili, matangi mawili na ua wa waya katikati ya mbuga, na nje ya waya ni pundamilia. Kazi ilikuwa kuweka klorini: kupima maji, kuongeza au kupunguza, kusubiri nusu saa, kupima tena, kuandika. Zamu nyingi za miaka ya mwanzo alikuwa peke yake. Siku ambayo simu ya kituo haikulia aliweza kumaliza zamu ya saa kumi na mbili bila kusema neno na mtu. Mkaguzi mmoja alimkuta akisoma vipimo kwa sauti chumba kikiwa kitupu. Bi. Kaveke alimweleza kwamba anafanya hivyo ili koo lisisahau kazi yake.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 1997 zilikata barabara, akakaa kituoni siku tano kwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na chumvi. Kitabu cha siku hizo hakina pengo hata moja. Lalamiko lake pekee, lililoandikwa siku ya nne, ni kwamba chumvi imeisha.

Mwaka 2003 mchungaji mmoja aliomba kubatiza waumini ishirini ndani ya tangi la maji safi, kwa kuwa mto ulikuwa umekauka. Bi. Kaveke alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama waumini wangekuja wakiwa wameoga. Mchungaji akasema ubatizo ndio unaosafisha. Bi. Kaveke akamjibu kwamba upande wa kampuni, kinachosafisha ni klorini. Waliagana vizuri. Waumini walibatizwa Athi River mvua iliponyesha.

Mwaka 2014 uvimbe wa shingoni ulifika mahali pa kumzuia kumeza chakula. Mwezi Julai aliomba likizo ya mwezi mmoja, sababu ikiandikwa kuwa ni shughuli za familia. Alikwenda hospitali Nairobi na mkoba mmoja, akatia sahihi karatasi zake mwenyewe, akatolewa tezi yote ya shingoni. Dada yake aliye mjini Wote, ndugu pekee aliyebaki, alipata habari baada ya wiki mbili. Sisi tuliona skafu shingoni tu, tukasema ni mtindo.

Tezi hiyo ndiyo hupanga mwendo wa mwili: joto, moyo, usingizi, hata kumbukumbu. Asiye nayo humeza homoni yake kwa kidonge kila siku, maisha yote. Kidonge hutaka tumbo tupu. Chai ya maziwa ikikifuata mapema, sehemu ya dawa hupita bila kuingia kwenye damu. Bi. Kaveke alikimeza kituoni, saa kumi na mbili kamili asubuhi, mara tu baada ya kipimo cha kwanza cha maji, kisha akasubiri saa nzima.

Saa hiyo ilimtenga. Parmuat, aliyepangwa zamu moja naye mwaka huohuo, alikuja kila asubuhi na chupa ya chai ya maziwa iliyopikwa na mama yake, akammiminia yeye kwanza kwa heshima. Kila asubuhi Bi. Kaveke alisema, baadaye. Kwa kina Parmuat maziwa hayakataliwi hivyo. Habari zikafika ofisi kuu kwamba mama wa Namba Mbili hanywi cha Wamaasai. Miezi kumi watu wawili walikaa katika chumba kimoja wakipeana migongo, mmoja na kikombe, mwingine akitazama saa ya ukutani. Maelezo ya sentensi moja yangetosha. Hakuyatoa.

Kisha likaja kosa ambalo huenda ni mtu wa maji tu angelifanya. Aprili 2015 alijihisi mchovu. Kwenye tangi, klorini ikipungua unaongeza, na baada ya nusu saa maji yanakupa jibu. Akaongeza nusu kidonge. Siku nne zikapita mwili haujajibu, akaongeza nusu nyingine, akinunua dawa mwenyewe duka la dawa Kitengela, bila kurudi kliniki. Alikuwa ameambiwa kwamba homoni hii huchukua wiki sita kutulia mwilini. Alisikia, lakini mkono wake ulikuwa umezoea nusu saa. Majibu yote yalikuja pamoja mwezi Juni: moyo kwenda mbio, jasho, kukosa usingizi, vidole kutetemeka.

Kitabu cha kituo cha tarehe 3 Juni 2015 kina mstari huu kwa mwandiko wake, uliopinda: “Saa 12:10. Mikono yangu inatetemeka, sijiamini. Parmuat arudie kipimo.” Parmuat alirudia. Klorini ilikuwa imefunguliwa mara mbili ya inavyopaswa. Maji yakazuiwa tangini, na hakuna tone lililofika mjini.

Asubuhi hiyo ndipo alipomwambia Parmuat, kwa maneno machache, kwamba hana tezi na kwamba chai ya mama yake haikuwa na ubaya wowote. Parmuat anakumbuka alichomjibu: “Yeyo, miezi kumi nimekuchukia bure.” Yeyo ni mama kwa Kimaa, na hajamwita jina lingine tangu siku hiyo. Alimpeleka kliniki mwenyewe. Chupa ya chai ikaanza kufunguliwa saa moja.

Bi. Kaveke alijiripoti ofisini akitarajia kufukuzwa. Alipewa onyo la maandishi. Aliirudisha barua ikiwa na pendekezo nyuma yake: kila badiliko la dozi ya klorini litiwe sahihi na watu wawili, wa pili akiwa amepima mwenyewe. Kanuni hiyo sasa inafuatwa katika vituo vyetu vyote sita. Wageni wanaokuja kutukagua huisifu wakidhani imetoka kwenye kitabu fulani cha wahandisi. Hatujawahi kuwasahihisha.

Yeye mwenyewe alihitaji mtu wa pili mwaka 2019. Ilikuwa Februari, jua kali, naye alianza kuvaa koti mchana. Sauti ilizama na majibu yake kwenye simu yakachelewa. Hakuona tofauti. Nailantei anasema upungufu wa homoni hii ndivyo ulivyo: huingia polepole, na mwenye mwili huwa wa mwisho kujua. Parmuat alivumilia wiki moja, kisha akauliza: “Yeyo, hii baridi unaisikia peke yako? Sisi wote tuko na jasho.” Kliniki ilimtaka alete kila kitu anachomeza. Ndani ya mfuko mlikuwa na vidonge vya kalsiamu, alivyonunua kwa ajili ya magoti na kuvimeza pamoja na dawa yake, navyo vilikuwa vikiizuia. Vikatenganishwa na dawa kwa muda wa saa nne. Baada ya miezi miwili koti lilirudi kwenye msumari.

Mwaka huu, kati ya tarehe 9 Machi na 17 Aprili, kampuni ilimzungusha katika vituo vitano vingine ili afundishe watakaoendelea na kazi. Ratiba ilipangwa na meneja wetu, Lemayian, na ilikuwa ratiba nzuri. Kila kituo kilimpokea saa kumi na mbili asubuhi kwa sufuria ya chai ya maziwa. Ndio kwanza alikuwa amemeza kidonge. Alimweleza Nailantei kwamba mgeni anayeagwa hakatai, tena alikuwa amechoka kuwa mtu wa kusema baadaye. Kwa wiki sita alikunywa chai ya watu, ikiwa moto, pamoja na watu. Anasema hajapata asubuhi nzuri kama hizo tangu aajiriwe.

Wiki ya nne alianza kusahau majina. Wiki ya tano alisinzia kwenye kiti katikati ya somo. Waliokuwa wakifundishwa hawakushtuka, kwa sababu walikuwa wanamwona kwa mara ya kwanza na walidhani ndivyo alivyo. Mtu aliyeijua sauti yake ya kawaida alikuwa amebaki Namba Mbili, akifanya zamu yake na ya Bi. Kaveke. Upungufu uligunduliwa kwa damu tu, iliyotolewa tarehe 20 Aprili kwa sababu siku ya kupima ilikuwa imefika.

Nailantei hakuongeza dozi. Aliagiza chai irudi saa moja baada ya kidonge, na damu ipimwe tena wiki sita baadaye. Wiki hizo sita ndizo za kwanza za kustaafu kwake. Atazikaa nje ya mji wa Kajiado, katika nyumba ya vyumba viwili aliyojenga kidogo kidogo. Hana mume wala mtoto. Jirani wa karibu, Soila, anauza maziwa sokoni na hutoka kabla ya mapambazuko. Bi. Kaveke anasema anamjua zaidi kwa mbwa wake.

Jumatano Lemayian aliwaita wafanyakazi walioweza kufika, kuzungumzia jambo hilo. Lilitolewa wazo la kumpigia simu kila siku. Bi. Kaveke alikataa: “Mimi si pampu. Msinipigie ripoti kila asubuhi.” Watu walicheka. Lemayian akauliza basi nani ataona akianza kuzama tena, wakati mwenyewe haoni. Bi. Kaveke alisema hilo amelifikiria tangu mwaka 2014, na hajapata jibu ambalo halimsumbui mtu.

Lemayian aliomba kuona kadi yake ya kliniki. Kuna mstari wa mtu wa kupigiwa endapo mgonjwa hatafika siku yake. Palikuwa na namba ya simu ya Kituo Namba Mbili, ile ya mezani. Kwa karibu miaka kumi na miwili, mtu wa kuulizwa habari za Kaveke Munguti amekuwa Kaveke Munguti. Mwaka 2021 alikosa siku moja, kliniki ikapiga, akaipokea mwenyewe, akawajibu kwa adabu kwamba mgonjwa yuko kazini. Alilieleza hilo kama kichekesho.

Lemayian alimpa kalamu aandike namba nyingine, hata yake meneja. Aliipokea, akaitazama kadi, kisha akairudisha kalamu mezani.

“Wacha ikae hivyo,” alisema. “Kuanzia Ijumaa si mimi nitashika hiyo simu.”

Bi. Kaveke, kampuni inakushukuru kwa vipimo zaidi ya laki moja vilivyoandikwa kwa mkono wako, na kwa kimoja ulichokataa kukiamini. Tunakushukuru kwa kunywa chai yetu, na tunaomba radhi kwa saa tuliyokuletea. Tunakuombea nyumba yenye watu mlangoni, magoti yasiyouma, na kikombe cha saa moja asubuhi ambacho hutakinywa peke yako kila siku. Chai ya Alhamisi ukumbini Kitengela itamiminwa saa nne, baada ya hotuba. Tumeuliza Nailantei, amesema inafaa.

Damu itatolewa Kajiado, Jumanne, tarehe 9 Juni, saa mbili asubuhi, kabla ya kidonge. Kliniki huanza kuwapigia simu wasiofika ikifika saa tano. Zamu ya siku hiyo katika Kituo Namba Mbili ni ya Parmuat.