Sauti ya Tatu Kwenye Ukungu

Wanajumuiya wenzangu, niruhusuni niseme nikiwa nimesimama. Nimekaa miezi saba, nimechoka kukaa.

Bibi yangu alinifundisha hivi: ukiitwa kwenye ukungu na humwoni anayekuita, usiitike. Nyamaza mpaka uone uso. Mnacheka, lakini nawajua, nusu yenu humu ndani hamwitiki hata leo.

Ilikuwa asubuhi, msimu wa baridi. Nilikuwa peke yangu na mkokoteni wa ng'ombe, natoa mahindi bondeni. Ukungu ulikuwa mzito hata pembe za maksai sizioni. Gurudumu likateleza kwenye korongo, mkokoteni ukapinduka, ukanilalia mguu wa kulia. Maksai wakakata kamba wakakimbia. Nikapiga kelele, kisha nikatulia nisikilize.

Ndipo nikasikia jina langu, karibu kabisa, upande wa kichwani. Sauti ya mwanamke, haina haraka, kama anakuita uje kula. Sikusikia hatua, wala nyasi kutikisika. Ndugu zangu, nilikuwa nakufa na bado nikajiziba mdomo kwa kanga. Ikaita tena. Nikaing'ata kanga. Ya tatu ikaitia mbali, kule juu mlimani, halafu kimya. Nililia, maana kama walikuwa watu wa kunitafuta, basi nimewaacha wapite.

Ukungu haujainuka, akatokea mfugaji mmoja, katika hawa ndugu zetu waliohamia na mifugo. Tulikuwa hatusalimiani, ng'ombe wake waliwahi kunilia ulezi. Akasema, "Pole mama, usijitikise." Akachomeka mti chini ya mkokoteni, akauinua.

Hospitali mjini Sumbawanga walinifunga hogo, lile plasta gumu la mguu. Mfupa ukaunga, mimi sikuunga. Kila asubuhi ya ukungu nilijifungia ndani. Mume wangu akiniita toka nje, siitiki. Binti yangu akaniuliza, "Mama, umenikasirikia?" Hilo liliniuma kuliko mguu.

Siku moja yule mfugaji akaja kunijulia hali, na kibuyu cha maziwa. Nikamwuliza alijuaje kama niko korongoni. Akashangaa.

"Si nilisikia unaitwa? Nilikuwa kule juu na ng'ombe. Mwanamke akaita jina lako mara moja, akanitangulia kwenye ukungu, nami nikamfuata. Kufika korongoni nikakukuta wewe tu. Na jina lako, mama, nilikuwa silijui. Nililijua siku ile."

Mume wangu akaweka kikombe chini. Asubuhi ile hakuna mtu wa kwetu aliyetoka kunitafuta. Walidhani niko shambani, salama.

Kumbe ile sauti ya tatu haikuwa inaniacha. Ilikwenda kumwita mtu.

Ni nani, sijui, na nywele zinanisimama hata sasa. Ninaowajua nawashukuru: mfugaji yule, mume wangu, na ninyi kina mama mlionivunia ulezi bila kuombwa. Nami nawaambia, mtu akilaliwa na mzigo asichague sauti ya kuitikia. Aitike.

Jana kulikuwa na ukungu. Nilikuwa mlangoni na fimbo yangu, nikasikia jina langu huko nje, mara mbili. Nikasema, "Abee!" Nikarudia, "Abee!"

Akatokea binti yangu na ndoo ya maji, analia kwa furaha. Akasema yeye ameniita mara moja tu.