Historia ya Mama, Mpima Macho Aliyeyapa Maji Mahali pa Kulala

Ndugu waombolezaji, mama yetu, ambaye kuanzia sasa nitamwita marehemu kama nilivyoagizwa, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 19 Aprili 1961, saa kumi na nusu alfajiri, katika chumba kilichovuja kiasi kwamba mkunga alihamisha kitanda mara mbili kabla mtoto hajatoka, na mwenyewe alipenda kusema kuwa alianza kugombana na maji ya mvua hata kabla hajakatwa kitovu. Alikuwa mtoto wa nne na wa kike pekee, akimfuata mjomba wetu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi haya, ambaye nitarudi kwake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akamaliza sekondari mwaka 1978, kisha akajiunga na chuo cha uganga, akahitimu upimaji wa macho mwaka 1982, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika kliniki ya macho ya hospitali ya serikali, ambako alidumu hadi alipostaafu mwaka 2021. Wenzake waliopo hapa watakumbuka kwamba jambo moja lilimkera kupita yote, nalo ni mtu kusimama mbele ya ubao wa herufi na kubahatisha.

Tarehe 10 Desemba 1988, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa kuezeka mabati, aliyefika kliniki baada ya kujipiga nyundo kidoleni, akabahatisha ubao mzima, na marehemu akamwambia bila kucheka, "Usinikisie, fundi, kama huoni sema huoni," maneno ambayo baba anakiri kuwa ndiyo yaliyommaliza. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu mwaka 1990 na mimi mwaka 1997.

Sasa nafika sehemu ambayo kamati imeniomba niifupishe, nami nimeshindwa, kwa kuwa bila hiyo hamtaelewa kwa nini leo mmekaa barabarani.

Mwaka 2012 baba alifunga mifereji mipya kwenye mapaa ya nyumba nne za upande wa juu wa kichochoro chetu, kazi safi isiyo na kasoro isipokuwa moja, kwamba maji yote ya nyumba nne yaliishia uani kwetu, yakakatiza, yakaingia kwa fundi viatu wa nyumba ya chini, ambaye baada ya mvua ya kwanza alipanda na beseni la viatu vya wateja vilivyolowa chapachapa, akalitua juu ya meza yetu na kusema, "Shemeji, chagueni jozi, mvae maji yenu." Baba alitaka kujenga mtaro wa saruji uyapeleke barabarani, marehemu akamuuliza barabarani kwa nani, akaenda mbali na msingi wa nyumba, akachimba bonde pana lisilo na kina, ili maji yatue hapo na kuzama ardhini.

Bonde hilo la kwanza lilikuwa tope tupu, majirani wakambandika jina la Mama Shimo na kumlaumu kwa mbu, ingawa alieleza mpaka koo likamkauka kwamba mbu huhitaji maji yaliyotuama kwa siku nyingi, na kwamba maji yakikaa kupita siku mbili yeye mwenyewe atalifukia. Wakati huohuo, mbele ya nyumba, alikuwa na bustani ya maua ya nyuki na vipepeo, nzuri kuitazama, ambayo kila kiangazi ilidai ndoo, na ndoo hizo nilizibeba mimi. Ilimchukua miaka miwili, nasema kwa heshima zote, kung'amua kwamba upande mmoja wa nyumba anayafukuza maji na upande wa pili anayatafuta, na alipong'amua alicheka peke yake uani, akasema mpima macho naye apelekwe akapimwe.

Akahamishia maua bondeni, akakosea kwanza kwa kuupanda mrehani chini kabisa, ukaoza mizizi, kisha akapanga upya, matete mafupi na mimea inayovumilia kulowa ikikaa chini, mrehani na alizeti kwenye kingo, akichagua mimea inayochanua kwa kupokezana ili nyuki wasikose chakula msimu wowote, akaweka jiwe bapa pale maji yanapoangukia, akaacha kipande cha udongo mtupu juani kwa ajili ya nyuki wadogo wanaotoboa vitundu ardhini, kipande ambacho kila mgeni mwenye nia njema alikifagia. Mizizi ikalegeza udongo, maji yakazama upesi, ndoo zangu zikapungua, na maboga ya mke wa fundi viatu, yaliyokuwa yakichanua na kupukutika bure, yakaanza kushika, jambo ambalo yeye aliliita bahati na marehemu aliliita nyuki. Alipostaafu alijaribu kufanya vivyo hivyo kwenye uwanja wa zahanati, mlinzi akaifyeka bustani mara tatu akidhani ni magugu, na mara ya tatu marehemu alimshika mkono akampeleka chumba cha macho.

Februari mwaka huu wa 2024 miguu yake ilianza kuvimba, ikagundulika kwamba figo zinashindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kila nilipomkuta kitandani aliuliza habari za bonde kabla ya habari zangu, nami nikamjibu kwamba nadhani liko sawa, naye akasema, "Usinikisie, mwanangu, mwaga ndoo utazame." Siku ya mwisho aliyoweza kuzungumza aliniomba kitu kimoja tu, nisikubali lifukiwe, nikamwahidi. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Novemba, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomvumilia hata alipowapima macho wao, na wenzake wa kliniki, waliokuja wote. Tunawashukuru pia majirani na ndugu, ila shukrani hizi zinahitaji maelezo.

Alhamisi, nilipokuwa hospitalini nikishughulikia taratibu za mwili, kamati, kwa upendo ambao siutilii shaka hata kidogo, iliamua kumpendezeshea marehemu ua wake, ikafyeka maua yote, ikafukia bonde kwa kifusi, ikatandaza mchanga na kusimamisha turubai, na mjomba akamwagiza fundi wa saruji aje Jumatatu kumalizia. Nilipouliza, mjomba aliniambia, "Sasa wageni wakae wapi, mwanangu, kwenye majani?" Jioni hiyo mvua ikanyesha, maji ya mapaa manne yakatafuta kitanda chao yasikione, yakapita chini ya viti, yakaingia sebuleni kwenye mikeka, yakabeba viatu vya waombolezaji vilivyopangwa mlangoni, yakashuka navyo, na mvua ilipokatika tukamwona fundi viatu akipanda na beseni lilelile. "Haya, kila mtu achukue chake," alisema. "Mama Shimo hajazikwa, mshanirudishia maji!" Kiatu cha kushoto cha mjomba hakijapatikana hadi sasa.

Kesho yake, Ijumaa, kulipopambazuka, nilichukua jembe la marehemu nikaanza kufukua. Mjomba alitoka amevaa kiatu kimoja na kandambili moja, akaniuliza tena wageni watakaa wapi, nikamjibu, "Barabarani, mjomba, si ndiko maji yalikotaka kuwapeleka," na kabla mjomba hajanikaripia, baba akasema, "Mwacheni achimbe," akaenda kuleta toroli. Fundi viatu akaja na koleo, akinung'unika kwamba anatetea viatu tu. Nikampigia simu fundi wa saruji asije, nikarudisha jiwe bapa mahali pake, nikapanda visiki vya mrehani vilivyokuwa bado na uhai, kwenye kingo, si chini, kisha nikamwaga ndoo ya maji, nikachuchumaa, nikayatazama mpaka yakaisha yote.

Sikukisia, mama. Maji yamelala, nawe lala kwa amani.