Mama Keziya na Wageni wa Nyumba ya Yosamu

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi." Ndivyo alivyoanza Mzee Firipo Bagorogoza nilipokaa naye juzi, na ndivyo alivyotaka nianze. "Usinipambe, mwanangu. Nyinyi wa redio mnapenda kupamba. Marehemu hahitaji, na mimi sistahili."

Basi sipambi.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Keziya Kyarisiima wa kilima cha Kanyabitara, hapa kwetu Kigezi. Mama Keziya alifariki Jumapili iliyopita, akiwa na miaka sabini na tisa. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mama Keziya, yule aliyekuwa akilaza wageni.

Kama umewahi kupita Kanyabitara jua likizama, huenda wewe nawe ulilala kwake. Wahubiri walilala kwake. Wauza vyungu walilala kwake. Mwanamke mmoja aliyefukuzwa na mumewe alilala kwake, na mume alipomfuata kwa fujo akalala hapohapo, chumba kingine, baada ya kulishwa viazi mpaka hasira ikashuka. Binti yake, Provia, ananiambia: "Mama alikuwa anasimama mlangoni anasema, karibu ndani, usiangalie juu, na mbuzi akikukalia mguu mwambie tu asogee."

Sasa turudi nyuma, mwaka 1968. Keziya ana miaka ishirini na mitatu, na Provia yuko mgongoni. Mumewe, Firipo, ni mwalimu wa shule ya kanisa. Ana viatu vya kamba na kalamu mfukoni. Nyumba yao ni ya nyasi. Inavuja upande wa kulia, na mbuzi watatu wanalala humohumo, maana baridi ya Kigezi haina huruma hata kwa mbuzi.

Mkutano mkubwa wa walokole ukaja Kanyabitara. Mnajua desturi. Jumapili ya kabla ya mkutano, kila mwenye nyumba anasimama kanisani na kutaja idadi ya wageni atakaolaza. Na anasema ukweli wa nyumba yake. "Mimi nina kitanda kimoja, nitapokea wawili." "Mimi sina kitanda, ila nina nyasi kavu, nitapokea watano." Hakuna anayecheka.

Firipo akasimama. Akawatazama wazazi wa wanafunzi wake. Akasema, "Mimi nina kitanda cha chuma na shuka. Nitapokea wazee."

Keziya, upande wa wanawake, akageuka kumtazama. Kitanda cha chuma?

Kitanda kilikuwepo kweli, wasikilizaji wapendwa. Kilikuwa kwa Yosamu, kaka yake Firipo, aliyekuwa akifanya kazi Kampala. Nyumba ya Yosamu ilikuwa ya mabati, juu ya kilima, na ufunguo aliuacha kwa Firipo. Mwalimu wetu akapiga hesabu: wageni wanatoka mbali, Yosamu hawamjui, siku tatu zitapita.

Keziya alimwambia, "Baba Provia, hili sitaliweza."

"Utaliweza. Kazi yako ni kupika."

Wageni wakaja Ijumaa. Walikuwa Mzee Ezra Rutahigwa na mkewe Dorika, kutoka Rujumbura, siku mbili kwa miguu. Firipo akawapokea mlangoni kwa Yosamu kama aliyezaliwa hapo. Tatizo la kwanza likawa mbwa. Mbwa wa Yosamu alimbwekea mwenye nyumba mpya bila kupumzika, na wageni hakuwagusa. Tatizo la pili, Mzee Ezra akaomba chumvi. Firipo akafungua kabati la kwanza. Akafungua la pili. Akainama chini ya meza. Tatizo la tatu lilikuwa ukutani.

"Hawa maharusi ni kina nani, Mwalimu?" akauliza Mzee Ezra.

"Hao ni kaka yangu na mkewe."

"Na picha yenu nyinyi?"

"Tuliipeleka kutiwa fremu."

Keziya alikuwa anakoroga uji wa mtama. Hakunyanyua uso. Mzee Firipo anasema kuwa alipouona ule mgongo wa mkewe, na mtoto juu yake, alijua amefanya kitu kibaya. Alijua, na akaendelea.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, watu walikaa kwenye majani kando ya kanisa, mamia kwa mamia. Kwa walokole, jambo lililokusumbua usiku unaliweka nuruni asubuhi. Hakuna kungoja. Keziya akasimama na mtoto mgongoni.

"Ndugu, mimi ni Keziya. Tangu jana natembea na uongo. Nyumba waliyolala Mzee Ezra na Mama Dorika siyo yangu. Yangu ni ile ya nyasi, kule chini. Inavuja, na mbuzi wako ndani. Nimepika kwenye meko ya mwenzangu nikijifanya ni yangu. Baba na Mama, mnisamehe."

Akaketi.

"Hakunitaja," Mzee Firipo aliniambia. Kisha akarudia. "Hakunitaja hata kidogo. Alisema mimi, mimi, mimi, kama vile uongo aliutunga yeye. Na watu wote wakageuka kunitazama mimi. Nilihesabu matundu ya kamba kwenye kiatu changu. Yalikuwa kumi na mawili."

Jioni hiyo Mzee Ezra na Mama Dorika walihamia nyumba ya nyasi, kwa kupenda kwao. Ndipo Mama Dorika akaomba maji ya moto. Mguu wake ulikuwa na kidonda kilichopasuka njiani. Usiku wa kwanza alilala sakafuni kando ya kile kitanda cha chuma, akiogopa kuchafua shuka nyeupe za watu. Hakuthubutu kumwambia mtu. Kwa Keziya alithubutu. Keziya aliuosha mguu ule, na Firipo akashika taa, asijue aweke wapi macho.

Na mvua ikanyesha. Firipo akashika na beseni pia. Mzee Ezra, kichwa ndani ya blanketi, akamwambia, "Mwalimu, angalau leo mbwa hajakubwekea."

Miaka hamsini na sita imepita. Nyumba ile ilikuja kupata mabati, nayo mabati yakaja kutoboka. Wageni hawakukoma. Mzee Firipo anasema hakuna mgeni aliyeingia ambaye hakumkumbusha yule mama sakafuni.

Kwa Mzee Firipo, kwa Provia na wadogo zake, kwa wajukuu na kanisa la Kanyabitara: poleni sana. Mungu awafariji. Na wewe unayenisikiliza, uliyesema wageni waje ukishamaliza kupiga plasta, jiulize leo ni nani aliyepita mlangoni pako akaenda kulala kwingine. Jiulize pia, uliowakaribisha vizuri, ni nini walichoogopa kukuomba.

Kuna kipande nimekiruka. Mzee Firipo ameomba nikiweke mwisho, kwa sababu ndicho anachokisikia kila akifumba macho wiki hii.

Ni Jumamosi ileile, baada ya mkutano. Firipo aliteremka kwa kukatiza mashamba ya njegere, asikutane na mtu. Alimkuta Keziya ameanika mikeka, amewafunga mbuzi nje, anapuliza moto.

"Mama Provia, umeniaibisha."

"Ndiyo."

"Mbele ya kanisa zima! Mbele ya watoto ninaowafundisha! Mbele ya wageni wangu!"

Keziya akaashiria kwa kidevu juu ya kilima. Wazee wawili walikuwa wanateremka polepole, mmoja akiegemea fimbo.

"Wageni wako ndio wale wanakuja sasa hivi. Wa jana walikuwa wa Yosamu. Shika ufagio."