Nilivyorudi Kwenye Sijda Baada ya Kizazi Kushuka

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu wa mtaa huu wa Waberi. Sifa zote ni za Mola aliyenipa ulimi wa kusema leo jambo nililolificha hata kwa mume wangu!

Ndugu zangu, wakati wa vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa huku kwetu, nilikuwa bado kijana, mama wa watoto wanne. Askari walitukusanya sisi wafugaji wakatutia ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge pale Modogashe. Mume wangu alibaki porini akitafuta ngamia waliotawanyika. Nilikuwa na siku tisa tu tangu nijifungue. Nyumba niliibomoa mwenyewe, nikaijenga upya mwenyewe: miti, mikeka, vyote kwa mgongo huu. Siku ya tatu, nikiinua debe la maji, nikasikia kitu kinashuka. Nilipojigusa nikakuta uvimbe laini pale mlangoni mwa uzazi.

Nilidhani nakufa!

Sikufa, lakini nikikohoa mkojo unatoka. Kutafuta kuni ni mateso, na askari wa lango hataki kusikia umechelewa. Arobaini ikaisha, sikurudi kwenye swala. Nilijiona najisi. Wenzangu wakipanga safu, mimi nakaa pembeni najifanya nanyonyesha. Miezi mitano, ndugu zangu, paji langu halikugusa chini!

Aliyenigundua ni habaryar Kaltuma, mdogo wa mama yangu.

"Damu ya uzazi ilikwisha zamani. Mbona huswali?"

Nikalia, nikamwambia yote.

"Mwenye udhuru anajifunga kitambaa, anatawadha kila swala inapoingia, anaswali," akasema. "Nani alikuambia Mungu amekufungia mlango? Simama, twende kwa sista."

Sista, muuguzi wa zahanati ya kijiji, alikuwa mtu wa Kenya, ndivyo tulivyowaita watu wa bara. Nilimwogopa, maana alikuja na lori la askari. Atanitibu kweli mimi, ambaye mume wangu wanamwita shifta? Lakini alifunga pazia, akanawa mikono, akanipima taratibu kama dada yangu wa tumbo moja.

"Kizazi kimeshuka, mama. Kina mama wengi wanacho hiki. Hutakufa."

"Mimi hapana weza kazi tena?" nikamuuliza kwa Kiswahili changu cha kubahatisha.

"Utaweza, ila utajifunza upya."

Akanifundisha kubana misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja. Hesabu polepole hadi tano, kisha achia kabisa. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Akanikataza kuzuia pumzi. "Bana kwanza, toa pumzi, ndipo uinue. Beba nusu debe, usibebe zima. Ukisikia kinavuta chini, acha kazi ulale." Halafu akasema, "Uzito ukizidi, piga magoti, weka kifua na paji chini, kiuno kiwe juu. Kaa hivyo upumue."

Tukatazamana na habaryar. Hiyo si ni sijda?

Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu ya zahanati. Paji likagusa chini. Ndugu zangu, niseme vipi! Nikasikia kile kitu kinarudi ndani, chenyewe, taratibu, bila mkono wa mtu! Mwili wote ukanisisimka. Mkao nilioukimbia kwa aibu ndio uliokuwa na nafuu yangu! Subhanallah! Aliyeniumba alijua, tangu kabla sijazaliwa alijua!

Sikupona siku moja. Nilibana nikinyonyesha, nilibana nikingoja langoni. Habaryar alinichotea maji hadi nikaweza kubeba nusu debe bila kuumia. Nilianza kutembea kutoka nyumba hadi nyumba, baadaye nikauzunguka ua mzima. Mwezi wa nne mkojo ukaacha kunitoka. Mume wangu aliporudi, bila ngamia hata mmoja, alinikuta nimesimama kwenye safu na kina mama wenzangu. Hadi leo, siku ya kazi nyingi nausikia ule uzito. Nakaa chini, napumzika, sioni haya.

Dada yangu unayebana mapaja kila ukipiga chafya, nakujua. Mtegemee Mola, na uende ukapimwe. Ukimya haujamponya mtu. Tukimaliza hapa nitakuwa chumba cha nyuma, peke yangu, na ukishaingia mlango nitaufunga tuzungumze wawili tu. Ingia.